Mchu

Dada yangu aliambiwa mjini aache kumsemesha mwanawe Kibajuni. Mtoto ana usonji, miaka minne, maneno yake yanahesabika. Eti lugha mbili zitamchanganya, mpeni Kiswahili sanifu tu, kile cha kwenye kadi za picha. Akarudi Kiunga na kadi zake. Sasa fikiria: nyumba nzima inasema Kibajuni, mama mtu peke yake anasoma kadi kama mtangazaji wa redio.

Ushauri huo umepitwa na wakati. Watafiti waliofuatilia watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili hawajaona kwamba lugha ya pili inawarudisha nyuma. Na mzazi anayetafuta maneno hachezi na mtoto, anamfundisha.

Mtaalamu wa tiba ya usemi tulimpata kwa simu. Huku mpakani na Somalia nani atakuja, barabara ina historia ya mabomu ya kutegwa na mashua inangoja bahari itulie? Akatuambia: keti chini, uso wako usawa wa wake. Tazama anachokitazama. Akigonga, gonga. Sema neno moja, si hotuba, halafu nyamaza uhesabu kumi moyoni. Hapo kwenye kunyamaza ndipo pagumu. Sisi kimya cha mtoto tunakijaza haraka, tena kwa mapenzi.

Vifaa je? Bahari inaleta. Ndara kuukuu zinazotupwa ufuoni, watoto wa Kiunga walikuwa wakizichonga vichezeo; mwishoni mwa miaka ya 1990 mtaalamu wa bahari Julie Church akawaona, na hapo ndipo ilipoanzia Ocean Sole, wale wanaochonga twiga wa rangirangi huko Nairobi. Watalii wananunua. Sisi bado tunachonga bure.

Mpwa wangu hana haja na magari ya raba. Yeye hupanga vipande mstari, buluu kwa buluu. Basi nikawa naongeza kipande kimoja, nangoja. Anakitoa. Naongeza tena. Siku moja akaanza kungoja mkono wangu, na huo tayari ni mchezo wa watu wawili.

Mama akachonga mtu, kichwa na miguu. Nikamsimamisha mwisho wa mstari. "Mchu," nikasema, nikahesabu kumi. Siku nne, kimya. Ya tano akamchukua mwenyewe, akamrudisha mahali pake: "Mchu." Hakunitazama, wala sikumtaka anitazame.

Kadi imeandikwa MTU. Kwa mwenye kadi, hilo ni kosa la matamshi. Kwetu ndivyo neno lilivyo, hata mzee wa miaka themanini anasema hivyo.

"Niandike mtu au mchu?" dada akauliza kwenye simu.

"Andika alivyosema."

Orodha imefika maneno kumi na moja. La mwisho alimwambia mbuzi wa jirani, na silo la kuchapishwa hapa.