Musa Alipewa Haruni

Mwanetu wa pili alifikisha miaka 6 akiwa bado hawezi kuunganisha sentensi. Alijua anachotaka kusema, ila maneno yalimkwama. Tulikuwa tumehamia Uingereza kutoka Tanzania, na wengi walitufariji kwamba ni ugeni wa Kiingereza tu. Lakini hata Kiswahili cha nyumbani kilimshinda.

Ndipo shule ikatuletea barua kutuita tuonane na mratibu wa elimu maalumu. Baadhi ya wapendwa kanisani walitushauri tusiende. Walisema mtoto akishaandikwa huko, jina litamfuata maisha yake yote, na kwamba mzazi mwenye imani hatii saini udhaifu wa mwanawe. Walisema kwa upendo, maana ndio hao hao waliokesha wakituombea. Maneno yao yalituingia. Tulifunga na kuomba siku tatu.

Katika siku hizo tulisoma Kutoka sura ya nne. Musa alijitetea kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu alikasirishwa na kusitasita kwake, lakini hakumtupa. Wala hatusomi kwamba aliulainisha ulimi ule papo hapo. Alimpa Haruni, ndugu yake, awe msemaji wake. Tukaelewa kwamba kupokea msaada wa mtu si kumkana Mungu. Mara nyingine mtu huyo ndiye jibu la maombi.

Tukaenda. Mratibu alikuwa mwalimu kama walimu wengine. Sheria ya mwaka 2014 inaitaka kila shule ya kawaida ya umma iwe na mratibu wa namna hii, naye sharti awe mwalimu aliyehitimu. Swali lake la kwanza lilikuwa: mtoto anazungumzaje lugha ya nyumbani? Alitueleza kwamba kutojua Kiingereza peke yake hakuhesabiwi kuwa hitaji maalumu, ndiyo maana alitaka kujua. Kisha akatusihi tusiache kuzungumza naye Kiswahili.

Tulidhani atamtoa mtoto darasani. Sivyo. Mwalimu wa darasa ndiye anayebaki na wajibu wa kumfundisha. Mratibu huwaunganisha wote wanaomhusu mtoto: huwasikiliza wazazi, humtazama mtoto akiwa darasani, na ikihitajika humwita mtaalamu wa matamshi na lugha. Wakishaelewa tatizo, huandika mpango, huutekeleza, kisha huupima tena. Mwongozo wa serikali unataka wazazi wakutane na shule angalau mara tatu kwa mwaka. Mwanetu aliwekewa picha za ratiba ya siku mezani pake, akapewa agizo moja kwa wakati mmoja, na mwalimu akajifunza kumngojea ajibu.

Watoto wengi husaidika kwa hatua kama hizo. Zisipotosha, shule au mzazi mwenyewe anaweza kuiomba halmashauri imtathmini mtoto. Halmashauri ina wiki 6 za kuamua kama itafanya tathmini, na shughuli yote hadi mpango rasmi utolewe haipaswi kuzidi wiki 20, ingawa wapo wanaosubiri zaidi. Ikikataa, mzazi ana haki ya kukata rufaa. Haya ni vema yajulikane, kwa kuwa wengi wetu tunaogopa ofisi tusizozijua.

Leo mwanetu ana miaka 9. Bado husema polepole, na bado tunamwombea kila usiku. Lakini ana marafiki, na anapenda shule. Tunamshukuru Mungu kwa hayo, na kwa yule mwalimu.

Wapendwa, katika shule yetu ya Jumapili wamo watoto kama huyu, na katika viti vyetu wamo wazazi wenye barua mkobani wasiothubutu kuijibu. Tuwaombee. Kisha tumuulize mama huyo ameitwa siku gani, na mmoja wetu anayejua Kiingereza aende naye, akae pembeni yake, amtafsirie. Haruni hakungoja Musa afike Misri. Alitoka akaenda kumlaki jangwani.