Mjomba, Ile Presha ya Oili Haijui Umelipa

Nitasema hii na wa kukasirika akasirike: kwa ndege ndogo, kile kimshale cha presha ya oili kina haki ya kukuharibia siku. Hata kama umelipia hiyo saa. Hata kama mtihani ni wiki ijayo. Hata kama mzee amechukua mkopo wa sacco ndio wewe uwe rubani.

Najua kuna mtu atasema, huyu aliacha uhandisi mwaka wa pili, atatufunza nini? Sawa. Kilichoisha ni karo, si akili. Tuendelee.

Chukua Cessna 172, ile yenye mabawa juu ya vioo, ambayo wanafunzi wengi wa urubani huanza nayo. Mbele ina injini ya Lycoming, silinda nne. Haina maji, haina radieta. Inapozwa na upepo unaopita juu ya silinda, na kule ndani ambako upepo haufiki, kwa beringi na chini ya pistoni, kazi ni ya oili. Wasee wengi hudhani oili ni ya kulainisha tu. Zii. Inabeba joto pia, inalipeleka kwa kipozeo kidogo kilichowekwa mahali upepo unapita. Na kuna vali fulani smati sana: oili ikiwa bado baridi inaachwa ipite njia ya mkato, ikifika karibu nyuzi 85 za Selsiasi vali inaziba hiyo njia na oili inalazimika kupita kwa kipozeo. Hakuna kompyuta hapo. Ni kitu kinachovimba kikipata joto, basi.

Sasa, mishale ni miwili, mmoja wa joto na mmoja wa presha, na ukiusoma mmoja peke yake umesoma nusu ya barua. Kwa 172S, presha ya kawaida ni kati ya 50 na 90, kwa paundi za inchi ya mraba. Injini ikinguruma polepole chini, isishuke 20. (Tairi ya Probox ni kama 30, ndio upate picha.) Joto mwisho wake ni nyuzi 245 za Farenhaiti, yaani 118 za Selsiasi. Oili ikichemka inakuwa nyepesi kama chai ya hosteli, na oili nyepesi haishiki presha. Kwa hivyo joto likipanda kidogo na presha ikishuka kidogo, hiyo ni tabia ya kawaida. Lakini presha ikianguka kabisa huku joto linapaa, hakuna mjadala: kitabu cha ndege chenyewe kinasema punguza nguvu mara moja na utafute uwanja wa kutua, kwa sababu injini inakaribia kufa. Presha ikishuka na joto likae sawa, huenda ni geji inadanganya au vali ya presha imekwama. Hata hapo unaambiwa utue uwanja ulio karibu ukaangaliwe. Huambiwi umalize safari kwanza.

Hapo ndipo binamu yangu anaingia. Anasomea urubani pale Wilson. Asubuhi moja akawasha ndege, akaangalia ule mshale wa presha, akahesabu. Sheria wanayofunzwa ni rahisi: ukiwasha, presha isipoonekana ndani ya sekunde 30, zima. Kukiwa na baridi kali sana unaweza kungoja hadi dakika moja, lakini Nairobi si Ulaya. Sekunde 30 zikaisha, mshale umelala. Akazima. Mwalimu wake hakusema neno, akaitikia kwa kichwa tu.

Fundi akaja akafungua. Ilikuwa waya wa sensa. Oili ilikuwepo, pampu iko fiti, injini haina shida yoyote.

Wah, grupu la familia! Mjomba, ambaye ndiye anakatwa mshahara kila mwezi kulipa ule mkopo, akaandika kwa herufi kubwa: "SASA TUMEPOTEZA SIKU JUU YA WAYA?" Mtihani ukasogezwa. Ndege ikakaa kwa karakana. Binamu akarudi Rongai na matatu, kimya, na nauli ya jioni mnaijua vile hupanda mvua ikinyesha.

Mimi nasimama na binamu, na simo juu ya huruma. Kutoka pale kwa kiti, waya uliokatika na pampu iliyokufa vinafanana kabisa. Mshale umelala, mwisho. Injini bila presha ya oili haikupi wiki ya kufikiria. Beringi zinaanza kusagana chuma kwa chuma papo hapo. Sasa mjomba alitaka aongeze sekunde ngapi ndio ajue ni waya? Na angejuaje? Uamuzi unapimwa kwa yale uliyojua ukiufanya. Yale fundi alikuja kugundua saa tano baadaye hayahesabiki.

Tena Wilson si mahali pa kucheza na joto. Uwanja uko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Hewa ni nyembamba, kwa hivyo hata upepo unaopoza injini ni mwembamba. Ukipanda na pua imeinuka sana saa nane mchana, mwendo unapungua, upepo kwa silinda unapungua, na mshale wa joto unaanza kutambaa. Dawa yake si kuomba. Shusha pua kidogo upate mwendo, ongeza petroli kidogo kwa mchanganyiko, punguza nguvu. Unapanda polepole, lakini unapanda.

Na baridi pia ni shida, hii ilinishangaza. Oili isipofika kama nyuzi 82 hivi, maji yanayojikusanya ndani ya injini hayatoki. Yanachanganyika na moshi uliopenya, yanageuka asidi, na kwa hizi Lycoming kemshafti iko juu, oili huichuruzika yote ndege ikikaa wiki nyingi bila kuruka. Kutu inakaribishwa chai. Kuiwasha tu hapo chini dakika tano haisaidii, unaiongezea maji. Ndio maana oili hubadilishwa kila saa 50 za injini au kila miezi minne, chochote kinachotangulia. Kumwaga oili safi kwa macho ya mtu asiyejua ni wazimu. Jaribu kumweleza mjomba hiyo!

Ingawa ameanza kulegea. Juzi alinipigia simu, si kwa grupu, simu kabisa, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ati hii taa nyekundu ya oili ikiwaka kwa gari, lazima mtu asimame hapo hapo, ama naweza kufika nyumbani kwanza?"

Nikamuuliza yuko wapi. Akasema Bomas, kwa foleni, injini inanguruma.

"Mjomba, zima."