Risasi ya Shaba

Kuna neno moja ambalo sisi watu wa Katanga hatujalitazama vizuri. Tukisema "risasi" tunataja madini laini ya kijivu, na tunataja pia kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki. Neno lilikuja na wafanyabiashara wa pwani, pamoja na baruti. Lakini huku madini ya risasi yalikuwa haba. Shaba njo ilijaa. Basi wazee hutusimulia kwamba zama za Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa Desemba 1891, mafundi walimimina risasi za shaba. Jimbo lenyewe liliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, kwa hiyo risasi ya shaba ni jambo la kwetu kabisa!

Nkambo wangu alikuwa mwindaji mwenye gobori, au pupu kama tunavyosema hapa Kambove. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisifike kwa Waafrika, ukaruhusu zile za gumegume na baruti ya kawaida. Nafikiri hiyo ni sababu moja gobori likadumu vijijini.

Nilimuuliza ipi bora. Akajibu: "Mwana, shaba iko nguvu sana, itakwaruza bunduki." Maneno yake yana hesabu. Risasi huyeyuka kwa digrii 327, moto wa jikoni na kopo la zamani vinatosha. Shaba inadai digrii 1085, yaani makaa, mivukuto na watu wa kuivuta. Tena tonge la shaba lina uzito kama nne ya tano tu ya tonge la risasi la ukubwa uleule, kwa hiyo huchoka mapema njiani. Na tonge lolote liwe dogo kidogo kuliko tundu la mtutu, maana baruti nyeusi huacha masizi. Ukipiga mara chache, tonge lililobana halishuki tena. Nafasi inayobaki huzibwa kwa kitambaa. Vijana wengi hutaka tonge linalobana, wakidhani ndiyo nguvu.

Sasa, risasi inatoka wapi siku hizi? Ndani ya batri mbovu za magari. Zinapasuliwa uani, zinayeyushwa karibu na sufuria ya bukari, watoto wanachungulia. Vumbi lake huingia damuni na kuharibu akili ya mtoto polepole, bila kelele. Jirani zetu wa Kabwe, Zambia, ambako mgodi wa risasi ulifungwa 1994, bado wanapima damu za watoto wao. Tena risasi ya batri ina antimoni, ni ngumu kuliko ile laini aliyoisifu Nkambo. Hata kwa uwindaji si chaguo zuri.

Ajabu ni kwamba Marekani, jimbo la California, tangu Julai 2019 wawindaji wote wamekatazwa risasi za madini ya risasi, kwa ajili ya ndege wanaokula mizoga. Wengi wao wanatumia shaba. Mafundi wetu waliojua kuimimina, ambao Monsenyeri de Hemptinne aliwaandika mwaka 1926 kama "wala shaba", hawapo tena.

Kalibu ya Nkambo ninayo, vipande viwili vya chuma. Vijana wawili wamekuja kuiazima mwaka huu. Niliwauliza wamepata risasi wapi, wakasema batri. Kalibu imebaki kabatini.