Kabla Hujatuma Kianzio cha Kiwanja cha Lusewa

Wiki hii nimelipa pauni 7 nikasoma habari zote za nyumba ninayopanga hapa Leicester. Sikumwomba ruhusa mwenye nyumba wala sikupanga foleni kwenye ofisi ya mtu. Niliingia kwenye tovuti ya masjala ya ardhi ya England na Wales, nikaandika anwani, nikalipa kwa kadi, waraka ukafunguka. Sehemu A inaeleza mali yenyewe na ilipo. Sehemu B inamtaja mwenye mali, siku aliyoandikishwa na bei aliyonunulia. Sehemu C ni ya madeni: benki iliyomkopesha ipo pale, kwa jina na tarehe. Kuna na ramani, inayolipiwa kivyake, mstari mwekundu umekizunguka kiwanja hadi kwenye uzio ninaoanikia nguo. Nilikaa na ule waraka muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mpangaji tu, mgeni, nimejua ukweli wa ardhi ninayoikanyaga.

Jioni ile ile akapiga simu mtoto wa mjomba. "Dada, kuna eneo Lusewa, barabarani kabisa, lami inakuja. Tuma kianzio leo, watu wa Songea wanalitaka." Ni la nani? "La mzee mmoja, tunamfahamu." Limepakana na nani? Hajui, ataniulizia. Mipaka ameikagua? Kuna dalali anaijua. Nikakasirika mpaka chai ikapoa, maana simu za namna hiyo zinampata kila mmoja wetu aliyeko nje, na vijana wengi wanaoanza kuwekeza kwenye ardhi wanaanzia hapo hapo: sauti ya ndugu, picha mbili za vichaka, na namba ya kutumia hela.

Hiyo lami ya kwetu Namtumbo tumeisikia tangu tuko shule. Barabara ya Mtwara Pachani, Lusewa hadi Nalasi imeulizwa Bungeni na wabunge wetu zaidi ya mara moja, na kila ikitajwa, viwanja vya kando yake vinapanda bei kabla hata greda halijaonekana. Anayekuuzia "barabarani kabisa" muulize ni mita ngapi kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Ukinunua leo ndani ya hizo mita, ukajenga fremu zako nne za biashara, siku TANROADS watakapopita utachorewa X nyekundu, na X nyekundu haina fidia.

Lakini la barabara ni jepesi, unapima kwa futi kamba ukajua. La ukoo ndilo linalowamaliza watu. Kwetu Wayao, kwa mila, shamba linafuata upande wa mama. Bibi yangu alilima ardhi aliyoachiwa na mama yake. Babu alikuja kuoa akajenga pale pale ukeni, akalima miaka yote mpaka wageni wakadhani shamba ni lake. Alipofariki, ndugu zake walikuja na mnunuzi, fundi mmoja kutoka mjini. Mauziano yakaandikwa, mihuri ikagongwa, hela ikapokelewa. Kesi ilianzia baraza la kijiji, ikapanda kata, ikaishia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kilichoamua hakikuwa ile karatasi yenye mihuri. Ni majirani wawili wazee waliokwenda shambani wakaonyesha mstari wa minyaa, wakasema nani aliipanda na mwaka wa njaa gani. Shamba lilirudi kwa mama zangu. Yule fundi hakuambulia kitu, kwa sababu waliopokea hela yake walishaila.

Namhurumia mpaka leo. Alikuwa mwanzoni mwa maisha, na hakuna aliyemwambia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaheshimu mila lakini inaikataa mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Wala hakuuliza wanawake wa nyumba ile wanasemaje. Kwa nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi. Mnunuzi anayekubali kuambiwa "mama yuko shamba, atasaini baadaye" ananunua kesi.

Waingereza nao wana lao baya, nisiwapambe. Muuzaji anaweza kukubali bei yako, ukalipa mwanasheria, ukalipa mkaguzi wa nyumba, halafu akamuuzia mwingine aliyeongeza dau, na sheria inamruhusu mpaka siku mtakapobadilishana mikataba. Rafiki yangu hapa amelizwa hivyo. Ila hajawahi kulipia nyumba isiyo ya muuzaji. Na kuna huduma moja ya bure niliyoipenda sana: unaandikisha nyumba ya mzazi wako mzee, mtu akijaribu kugusa usajili wake unapata barua pepe. Nikamfikiria mama.

Kijijini tungeweza kuwa na kinachofanana. Hati ya hakimiliki ya kimila ipo kisheria, masjala ya ardhi ya kijiji ipo kisheria, mpango wa matumizi ya ardhi upo kisheria. Huo mpango usiudharau: wilaya yetu ya Namtumbo inapitiwa na ushoroba wa Selous-Niassa, na eneo unaloliona pori safi la kupanda mikorosho linaweza kuwa njia ya tembo. Kwa nini vitabu vya masjala hiyo visiwe wazi kwa kila anayeuliza, hilo nitaliandikia siku nyingine, maana lina hasira zake.

Kwa wenzangu mliobadilisha pasipoti: aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari akiwa mtu mzima ameupoteza wa Tanzania, na asiye raia hagawiwi ardhi kwetu ila kwa ajili ya uwekezaji. Bunge limesharekebisha sheria za uhamiaji na ardhi ili kuweka hadhi maalumu kwa diaspora. Ifuatilieni hiyo kabla ya kuandika kiwanja kwa jina la kaka.

Mdogo wangu unayeanza, hela yako ya kwanza isiwe ya kununua ardhi. Iwe nauli ya mtu unayemwamini, aende Lusewa akatembee mpaka wote na majirani wa pande nne, akae na wanawake wa ukoo, aombe kwa mtendaji muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji. Nunua kidogo, mahali ambapo fremu itapata mpangaji hata lami isipokuja. Lipa kwa benki, kwenye akaunti ya muuzaji mwenyewe. Na dalali akikuambia tuma leo, mwambie akutajie kwanza majina ya hao majirani wanne. Akishindwa, usitume.