Dada wa Idodi na stetasi ya karatasi yenye muhuri wa SIRI

Idodi nzima wanamjua. Ana duka la nguo kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, na mchumba wake ni mjeda, yupo Congo upande wa Beni kulinda amani. Wanajua maana stetasi zake hazifichi kitu!

Juzi kwenye grupu la WhatsApp ikadondoka picha ya karatasi yenye muhuri wa SIRI. Majina, tarehe, msafara utapita barabara gani. Jina la jamaa nalo lipo. Dada wa watu kwa furaha akairusha stetasi: "Mume anarudi jamani!" Saa moja, watazamaji 83.

Simu ikaita. Baba mkwe, mjeda mstaafu.

"Kamwene, mwanangu. Semuliki unaikumbuka?"

Kambi ile ya Beni, 7 Desemba 2017. Waasi walivamia, wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa.

"Adui wa kule anavizia. Ukimpa siku na barabara, kazi umemmalizia."

Na si Congo tu. Uingereza mwaka 2022 faili moja lilitumwa kimakosa, Waafghani karibu 19,000 waliokuwa wakiomba hifadhi wakaanikwa, na Taliban ndio wenye nchi. Aliyekosea alikuwa ofisini, salama kabisa.

Dada alifuta. Ila waliopiga skrinishoti je? Siku hizi hauzi hata kanga, macho kwenye simu, anasubiri tiki mbili za bluu.

Haya wadau, na aliyeanza kuivujisha mnamsemaje?