Siku Moja Bandarini Antwerpen

Wazee wetu waliovuka bahari kwa meli kutoka Matadi walilijua vema jina la Antwerpen, ambao wengine huuita Anvers. Mji huo wa Ubelgiji hauko pwani, bali kando ya mto Escaut, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka baharini. Hata hivyo bandari yake huhesabiwa ya pili kwa ukubwa katika Ulaya, nyuma ya Rotterdam.

Siku tuliyopumzika huko tulipanda chombo cha abiria asubuhi, bila haraka wala mzigo. Kwanza tuliustaajabia mto wenyewe. Sisi watu wa ziwa Tanganika tumezoea maji yanayokaa mahali pake. Kumbe huko bahari huusukuma mto nyuma, ukajaa na kupwa mara mbili kila siku, na tofauti yake ni kama mita 5.

Juu ya mapaa ya nyumba ulionekana mnara wa kanisa kuu la Bikira Maria, wenye urefu wa mita 123. Kazi ilianzwa mwaka 1352, na mnara ulimalizika mwaka 1521 hivi. Walioweka mawe ya kwanza hawakuuona mwisho wake, lakini hawakulegea.

Kisha tulizitazama gati. Mwaka 1895 meli iliyoitwa Léopoldville iling'oa nanga hapo kwenda Matadi, nayo ilifungua safari za kudumu kati ya Antwerpen na Kongo. Miaka michache baadaye karani mmoja Mwingereza, Edmund Dene Morel, alikuwa akikagua shughuli za meli hizo. Aliona zikishusha mpira na pembe za ndovu kwa wingi. Lakini zilizorudi Kongo zilichukua bunduki na risasi, na bidhaa chache mno. Ndipo akajiuliza: wanaotoa mali hii wanalipwa nini? Jibu lilikuwa wazi: hawalipwi, wanalazimishwa. Kelele zake na za wengine zilisaidia kumwondolea mfalme Léopold wa Pili mamlaka yake juu ya Kongo mwaka 1908.

Jioni tuliposhuka, tulifika kwenye uwanja mkubwa wa mji. Hapo pana sanamu ya mwaka 1887 ya Brabo, shujaa wa hadithi. Yasemwa kwamba jitu moja liliwakata mikono mabaharia wasiolipa ushuru; Brabo akalishinda, akaukata mkono wake na kuutupa mtoni. Hadithi hiyo ni ya kale kuliko mambo ya Kongo. Lakini Mkongo gani ataisikia asikumbuke mikono ya ndugu zake, iliyokatwa wakati wa mpira?

Madukani huuzwa biskuti zenye umbo la mkono, zilizobuniwa mwaka 1934. Watoto huzila wakicheka, nao hawana hatia. Sisi pia tulinunua chache. Tukazitazama kitambo, kisha tukala kimya.

Basi, wanafunzi wetu, mkijaliwa kusafiri, furahini na kushangaa. Tena katika kila bandari ulizeni kama yule karani: mali hii imetoka wapi, na aliyeitoa alilipwa nini?