Tanga na waridi la kulamba

Wenyewe husema Tanga "waja leo waondoka leo". Mimi kinachonichelewesha kuondoka ni tambuu! Jioni, barabara za Ngamiani zikishapoa, muuza tambuu hunikunjia ile tamu: jani bichi, nazi iliyokunwa na kijiko cha rojo jekundu linalonukia marashi. Hiyo, msomaji wangu, ni gulkandi. Jina ni la Kiajemi, gul ni ua na qand ni sukari, na pwani hii tumeizoea kwa Wahindi.

Haipikwi motoni, jua ndilo jiko lake. Chuma mawaridi yenye harufu asubuhi, chambua petali, osha na ukaushe kivulini. Panga kwenye chupa kavu tabaka la petali, tabaka la sukari, mpaka ijae. Funga, anika kila siku, koroga kwa kijiko kikavu. Wiki tatu au nne hivi, inakuwa jemu.

Tambuu si lazima. Koroga kijiko kwenye maziwa baridi, tia kwenye faluda, au pakaza mkate wa kumimina. Utamu wake, mh!

Lakini jamani, mawili. Mawaridi ya dukani hupigwa dawa, chuma ya uani kwako. Na ukienda kwa muuza tambuu, mwambie: "Bila popoo, bila tumbaku." Wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walishathibitisha kwamba popoo peke yake huleta saratani. Waridi halina kosa, ubaya ni jirani zake ndani ya jani.